Asiyesalimu Bado Hajafika

Kwa miaka mingi sikuwahi kuona shingo ya Hakimu. Vifungo vya blauzi yake vilipanda mpaka chini ya kidevu, juu ya blauzi kulikuwa na sweta, na akiwa kortini juu ya sweta kulikuwa na koti jeusi. Soksi zake zilikuwa nzito hata mwezi wa pili, wakati jua la huku Litein linakausha matope mpaka yanapasuka na sisi wengine tunakimbilia kivuli chochote. Nilimwuliza siku moja kama hasikii joto. Akaniangalia juu ya miwani, akasema, "Mwalimu, joto ni langu mwenyewe, lakini kuonekana kunahusu na wengine." Sasa hapo mtu atajibu nini? Nikamwongezea chai.

Mimi ni mwalimu wa chekechea na nimezoea kurudia maneno, kwa hivyo mtanivumilia. Jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe hakupenda litembee midomoni mwa watu. Alizaliwa wapi, babake ni nani, hiyo sheria aliisomea wapi, sijui. Na huku kwetu, ambako mgeni huulizwa ukoo kabla hajavuta kiti, kutojua hivyo ni maajabu. Alikuja kuwa hakimu wa korti yetu, akahamishwa, akarudi, akahamishwa tena, na alipostaafu akanunua kashamba ka chai na ng'ombe wawili ng'ambo ya bonde letu. Ninachojua hasa ni hiki: bila yeye, leo asubuhi nisingesimama mbele ya watoto arobaini kuwafundisha kuhesabu vidole.

Kortini alikuwa mkali wa mavazi kuliko mwalimu mkuu wa shule ya bweni. Mwanaume aliyekuja kifua wazi alirudishwa nje afunge shati. Mama aliyekuja na leso kiunoni juu ya gauni aliambiwa aifungue, aikunje, aishike. Kijana mmoja aliingia na suruali iliyoteremka kama wanavyofanya vijana, akaulizwa, "Unataka korti ikusikilize wewe ama hiyo suruali?" Watu walicheka, yeye hakucheka. Basi mtu wa huku akikamatwa kwa kosa la kuonyesha mwili wake hadharani, kisha akasikia kesi yake imepelekwa kwa yule mama wa vifungo, jamaa zake walianza kulia mapema.

Na hapo ndipo walipokosea. Niliwahi kumwambia kwamba kwa mavazi ni askari na kwa kesi za uchi ni mama mzazi, na kwamba hayo mawili hayapatani. Hakukasirika. Alisema mtu akiingia kortini amechagua nguo, amesimama mbele ya kabati yake akaamua. Lakini wengi wanaoletwa kwa kukutwa uchi hawakuchagua kitu, walipatwa tu. "Mimi nahukumu alichochagua mtu," alisema. Halafu akaniambia niache kuweka sukari nyingi kwenye chai yake.

Karani wake wa korti, ambaye mke wake tulikuwa naye kwaya, alipenda kusimulia ile kesi ya choo. Mzee mmoja alikuwa amekamatwa akijisaidia nyuma ya ukuta wa soko siku ya soko, na afande akamwandikia lile kosa kubwa, la kitendo cha aibu mbele ya umma. Hakimu akamwuliza afande choo cha soko kiko wapi. Afande akaeleza vizuri. Akaulizwa kama siku hiyo kilikuwa wazi. Afande akakohoa. Kilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa ameenda matangani. Hakimu akasema haja ya mwili si maonyesho, na kwamba kama mzee amechafua ukuta, kuna sheria ndogo ya kuchafua ukuta, wamshtaki kwa hiyo. Wasimbandike jina ambalo atazikwa nalo.

Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa laini. Kulikuwa na jamaa aliyekuwa akisimama mahali barabara inapopinda katikati ya chai, saa ile wachumaji wanapotoka kupima majani. Kila wakipita akina mama, yeye amefungua zipu. Alijitetea kwamba alikuwa anakojoa, na kwamba korti hiyo hiyo ilimwachilia mzee wa sokoni. Hakimu akamwuliza, "Siku tatu, mahali pamoja, saa ile ile?" Akajibu ana ugonjwa wa kibofu. "Na akina mama walipovuka barabara wasikuone, mbona na wewe ulivuka?" Hapo jamaa akaangalia viatu vyake. Alifungwa, na wale akina mama walitoka kortini wakiwa wameinua vichwa.

Siku nyingine nilimwona mimi mwenyewe sokoni. Mtu mgonjwa wa akili alikuwa amevua kila kitu karibu na wauza viazi, na vijana wamemzunguka wamenyanyua simu. Hakimu alipita katikati yao na kikapu chake cha sukuma wiki, akavua sweta yake, mara ya kwanza kumwona bila sweta, akamfunga yule mtu kiunoni kwa mikono yake miwili kama anayemfunga mtoto nepi. Kisha akawageukia vijana. "Hii kesi ikiletwa kwangu, sitauliza nani alivua. Nitauliza simu ni ya nani." Simu zote zikaingia mfukoni. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshapita mikononi mwake, kwa hivyo sikushangaa sana.

Sasa nifike kwa kesi yangu.

Mto wetu unapita chini kabisa ya mashamba, na kupandisha maji ya kuoga mlima ule na ndoo kichwani ni adhabu. Ukitoka kuchuma chai umelowa umande na jasho, unateremka kuoga huko huko. Wanawake wana kona yao, wanaume wana yao chini zaidi. Hakuna ukuta wala pazia. Kuna salamu. Ukifika kwenye jiwe kubwa la juu, kabla njia haijaanza kuteremka, unaita kwa sauti, "Chamgei!" Halafu unangoja. Walioko majini wakiitikia "Chamgei mising," unashuka. Wakikuambia ngoja, unangoja hata kama una haraka ya kwenda maternity.

Na kama mtu akishuka kimya je? Hilo alitufundisha kogo, bibi yangu, tukiwa wadogo. Usipige kelele, usikimbilie nguo kama mwizi aliyefumaniwa. Mpe mgongo, endelea kuoga. Asiyesalimu bado hajafika. Atajiona, atarudi juu mpaka kwenye jiwe, atasalimu, ndipo atakuwa amekuja, na hakuna atakayemkumbusha aibu yake. Sisi tulidhani dunia nzima inaoga hivyo. Ndio ujinga wa watu wa mto mmoja, mnadhani mto wenu ndio sheria.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, adhuhuri, shule zimefungwa. Katapila la kutengeneza barabara lilikuwa limekata njia ya kwenda kanisani, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale sentani akaamua kupitia njia ya mtoni, akimpeleka mama yake mzee kwenye maombi. Watu wao walitoka upande wa Mlima Kenya zamani, ni watu wazuri tu, lakini yeye alikulia kwenye maji ya bomba. Hakujua jiwe ni mlango. Nikasikia hatua nyuma yangu, nikageuka, na huyo hapo mwanaume amesimama kwenye nyasi na suti yake, na mama mzee nyuma yake. Tukatazamana macho kwa macho. Mimi, binti mtiifu wa kogo, nikampa mgongo nikaendelea kupaka sabuni.

"Wewe! Huna haya?" akasema.

Nikajimwagia maji. Mtu ambaye hajafika utamjibu vipi?

Wiki iliyofuata shule zikafunguliwa, na afande wawili wakanifuata darasani watoto wakiimba. Nilitoka na chaki mkononi. Mwalimu mkuu alinisindikiza mpaka getini, akaniambia bila ukali, kwa huruma kabisa, na ndiyo iliyonimaliza, "Mwalimu, ukipatikana na hatia ya kitu kama hicho, hutasimama mbele ya watoto tena. Si hapa, si popote." Nilijua ni kweli. Mwizi wa kuku anaweza kusamehewa akafundisha. Mwenye hukumu ya kujionyesha uchi, nani atampa mtoto wake? Kazi hiyo niliipenda kuliko chakula. Sikuwa na nyingine, na sikuitaka nyingine.

Kortini siku hiyo palijaa kama ni harusi. Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mwerevu, na lazima niseme ukweli, alinijengea ukuta mzuri. Alisema mshtakiwa hakushtuka. Hakujifunika, hakukimbia. Alimwona mlalamishi, akamwangalia, kisha akaendelea, tena polepole. Kama hilo si kusudi, ni nini? Watu nyuma wakaguna. Hata mimi nikijisikiliza nikaona kweli huyu mwanamke ni mbaya.

Nilipopewa nafasi ya kusema, nilisema, "Sikufanya, Mheshimiwa." Basi. Kuanza kueleza kuoga kwangu mbele ya wazee wa kanisa? Afadhali nife. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Mwalimu," alisema, "mficha uchi hazai. Kama una neno, huu ndio wakati."

Sijui ni nini kilifunguka. Nilisema yote: jiwe, salamu, kungoja, mgongo. Nilipofika kwa "asiyesalimu bado hajafika" watu wakaangua kicheko, na mwenye duka akacheka pia kwa uchungu. Hakimu akagonga meza mara moja. "Korti hii inacheka mahali mtu anapooga? Hebu tuone kwanza." Akaahirisha kesi, akasema tutaenda kuangalia mahali penyewe, pande zote mbili.

Alikuja Jumanne, kumenyesha, na vifungo vyake vyote na soksi zake, amevaa buti za mpira za mlinzi wa korti ambazo zilimzidi miguu. Karani amembebea faili kwenye mfuko wa nailoni. Kogo alikuwa amefika kabla yetu sote na fimbo yake, na alikuwa na miaka ambayo hakuna aliyejaribu kuihesabu. Mwenye duka alikuja na pikapu, na ndani ya pikapu akiwa na mama yake, kwa sababu mama alikataa kuachwa nyumbani.

Hakimu akasimama kwenye lile jiwe. Akaangalia chini. Akamwambia karani ashuke mpaka kwenye kona ya wanawake, asimame majini. Karani, maskini, akaenda na viatu vyake. "Mnamwona?" Hakimu akauliza. Hatukumwona. Matete na mikuyu yameziba kabisa. Akamwambia aite. Tukamsikia vizuri. Akashuka hatua kumi, akauliza tena, bado hatukumwona. Ni pale mwisho, ukishapita ukingo wa nyasi, ndipo mtu wa majini anaonekana, na ukifika hapo huwezi tena kusema ulikuwa unapita barabara.

Akamgeukia kogo, na karani, ambaye alikuwa amerudi akichuruzika maji, akatafsiri.

"Bibi, kwa nini mjukuu wako hakujifunika?"

Kogo akamwona huyu mama hajui mambo ya msingi. Akamweleza taratibu kama mtu anayemweleza mtoto. Ukijifunika, umemwambia huyo mtu kwamba ameona. Ukipiga kelele, umewaambia na watu wengine. Ukimpa mgongo, hajaona kitu, anaweza kurudi na heshima yake. "Yeye ndiye tulikuwa tunamfunika," alisema kogo.

Hakimu aliandika muda mrefu. Mvua ikadondoka kwenye karatasi, akapangusa kwa mkono wa sweta. Kisha mwendesha mashtaka akasema kwa adabu kwamba hiyo ni mila ya watu wa hapa, na mlalamishi si wa hapa, hakulelewa nayo. Ilikuwa hoja nzuri, na moyo wangu ukashuka. Mwenye duka akatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo mama yake, ambaye hakuna aliyemwuliza chochote, akasema kutoka nyuma.

"Mimi niligeuka."

Sote tukamwangalia. Hakimu akamwomba asogee, akamwambia maneno yake yataandikwa na ataulizwa maswali kama shahidi. Mama mzee akakubali. Akaulizwa anasema nini.

"Nasema niligeuka, Mheshimiwa. Nilimwona huyu msichana anaoga, nikageuka nikaangalia ng'ombe. Hata sisi tulioga mtoni tukiwa wasichana. Mtu akioga, wewe unageuka. Ni huyu kijana yangu ndiye hakugeuka."

"Mami!" akasema mwenye duka, mtu mzima wa miaka hamsini, uso umemwiva.

"Uongo?"

Mwenye duka hakusema ni uongo. Mwendesha mashtaka alipoulizwa kama ana maswali kwa shahidi, akafunga daftari lake.

Hukumu aliisoma wiki mbili baadaye, na hizo wiki mbili sitaki kuzisimulia, kwa maana nililala macho wazi. Alisema sheria imeandika maneno machache na kuwaachia mahakimu kazi ya kuyajaza. Hadharani ni wapi, aibu ni nini, nani alikusudia. Alisema ziko mahakama zilizoona kwamba yatosha mtu aweze kuonekana na wapita njia, awe alitaka ama hakutaka. Ziko nyingine zilizoona kwamba mwili wenyewe si kosa, na kosa ni kuupeleka kwa macho ya watu ili kuwaudhi. Yeye alikuwa upande wa hizi za pili, lakini akataka ijulikane kwamba hata zile za kwanza zisingenifunga.

"Mahali hapa pana mlango," alisoma. "Mlango huo ni salamu. Aliyepita bila kubisha hawezi kusema aliyekuwa ndani alikuwa barabarani." Akaendelea kwamba upande wa mashtaka umeita kuendelea kuoga kuwa ni kiburi. Korti imemsikia bibi wa mahali hapo, na imemsikia pia mama wa mlalamishi mwenyewe, watu wa makabila mawili na mito miwili, na wote wameonyesha kwamba jukumu la kugeuka ni la macho. Akanipata sina hatia.

Nilikuwa nimeshaanza kulia. Akaninyooshea kalamu kama kidole.

"Sijamaliza, Mwalimu. Mlalamishi hakukosea kushtuka. Yeye ni jirani, si adui. Wewe ulimwona ni mgeni, na ulimwona yuko na mama mzee. Neno moja lingewatosha. Ungesema 'rudini juu mniite,' tusingekuwa hapa. Mwalimu hamfundishi mtu kwa kumpa mgongo peke yake."

Hilo liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli. Na nililishukuru baadaye kuliko hata ile hukumu. Mwenye duka alikuja kuniomba msamaha pale nje, nami nikamwomba, na kogo na mama yake walikuwa wameshakaa kwenye benchi moja wakilinganisha magoti yanayouma, kila mmoja kwa lugha yake. Siku hizi mwenye duka akipita njia ya mtoni hupiga "Chamgei!" kuanzia kule barabarani, sauti ya kuvunja mawe, mpaka ng'ombe wanashtuka. Hata kama hakuna mtu majini, yeye anangoja. Watu humcheka, lakini kwa upendo.

Nilirudi darasani Jumatatu. Mtoto mmoja aliniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa nasomeshwa.

Jumanne nikapeleka kortini kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando yanayotiwa majivu. Si hongo, kesi imekwisha! Karani akakirudisha kabla sijafika stendi. "Mheshimiwa anasema hachukui maziwa ya mtu aliyesimama kizimbani kwake." Nilikasirika, nyinyi. Nilisema huyu mama ana jiwe badala ya moyo, kwani maziwa yamefanya kosa gani? Miaka ikapita, akahamishwa huku na huku, akastaafu. Siku moja asubuhi nikasikia mtu anaita getini, "Chamgei!" kwa lafudhi iliyopinda vibaya. Nikaitikia. Hakuingia mpaka nilipoitikia mara ya pili. Ni yeye, na vifungo vyake.

"Ule mursik," alisema, "bado uko?"

Tukawa majirani tangu siku hiyo. Tulikutana kituo cha kupimia majani, yeye akiwa mchumaji mbaya kupita wote, anachuma majani makubwa kama mboga, karani wa mizani anamrudishia gunia achambue upya, naye anachambua bila kuleta uhakimu. Alikuwa mchoyo wa sifa na mwepesi wa kukosoa. Hakuweza kupika ugali. Aliogopa ng'ombe wake mwenyewe. Mimi nilimpenda hivyo hivyo, na kila Jumamosi nilimpelekea kibuyu, naye kila Jumamosi alisema majivu yamezidi, na hakuna siku alibakisha hata tone.

Kulikuwa na kesi moja tu ambayo hakuizungumza akicheka. Alimwachilia mtu aliyekutwa akioga kwenye tangi karibu na nyumba za wauguzi. Alijitetea kwamba hana maji kwake, na Hakimu akamwamini, kwa sababu kweli alikuwa hana maji. Miezi michache baadaye yule mtu akarudi pale pale, na mara hii hakuoga tu, alimshambulia muuguzi mmoja aliyetoka zamu. Muuguzi alipona lakini aliacha kazi. "Niliangalia sana maji," Hakimu aliniambia, "sikuangalia dirisha la wauguzi lilitazama wapi." Tangu hapo, alisema, ndipo alipoanza kwenda kuona mahali penyewe kabla ya kuamua. Nikahesabu miaka kichwani, nikaelewa kwamba yule muuguzi ndiye aliyelipia safari ile ya mtoni kwangu. Nilimwambia hivyo. Akasema anajua, na kwamba humwombea kila siku kwa jina.

Mwaka jana kiharusi kikampata. Upande wa kulia ulilala, na maneno, yale maneno yake makali yaliyopangwa vizuri, yakapotea. Alibaki na machache, na hata hayo yalitoka kwa shida. Mpwa wake alikuja kukaa naye. Mimi niliendelea na Jumamosi zangu. Nilikaa naye nikimwambia habari za watoto na bei za majani, naye alinisikiliza, na akitaka kunikosoa alikunja paji la uso, nami nilijua ni majivu.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilichelewa. Nilikuwa na mkutano wa wazazi, boda aliniacha barabarani, nikashika njia haraka haraka na kibuyu kifuani. Mbwa ananijua, hakubweka. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, kwa hivyo nikazunguka nyuma ya jikoni moja kwa moja, mdomo umeshaanza kupanga maneno ya kuomba radhi kwa kuchelewa.

Mpwa wake alikuwa amemtoa kwenye jua. Kiti cha plastiki, karai, sabuni, nguo zimetundikwa kwenye kamba. Hakimu alikuwa ameketi hapo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona shingo yake. Nyembamba, na mifupa ya mabega imetokeza kama ya kogo siku zake za mwisho. Nilisimama nikaganda. Tulitazamana macho kwa macho.

Mpwa wake alifungua mdomo anikaribishe. Hakimu akamgusa kwa ule mkono wake mzima, naye mpwa akafunga mdomo tena. Kisha polepole, bila kushtuka, bila kutafuta taulo, akaugeuza uso wake akaangalia chai upande wa pili wa bonde, akainua mkono ili mpwa wake aendelee kupaka sabuni.

Mimi! Mimi niliyesimama kizimbani na kuyasema yale maneno mbele ya korti nzima, niliyewafundisha watoto wa watu kubisha kabla ya kuingia! Nilirudi nyuma hatua kwa hatua, nikazunguka nyumba, nikatoka mpaka nje ya geti kabisa. Machozi yananitoka na kicheko pia. Nikaweka kibuyu chini, nikavuta pumzi, nikaita.

"Chamgei!"

Nikasikia maji yakimwagwa, karai ikiburutwa. Nikasikia sauti ya mpwa ikiuliza kitu, halafu sauti nyingine, nzito, iliyopinda, ikisukuma neno moja kwa nguvu zote.

"Ngo-ja."

Nikangoja. Jua lilinipiga kisogoni, mbwa akaja akanilalia miguuni, majirani wawili wakapita wakaniuliza mbona nimesimama nje kama mgeni. Nikawaambia ndiyo, sijafika bado. Nilingoja kama robo saa hivi, na katika robo saa hiyo nilimshukuru kwa kila asubuhi niliyowahi kuingia darasani.

Kisha ikaja, kwa lafudhi ile ile mbovu, nusu ya maneno imemezwa.

"Chamgei… mising."

Nikaokota kibuyu, nikazunguka nyuma ya jikoni. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, sweta imevaliwa, vifungo vyote vimefungwa mpaka chini ya kidevu. Alinipa ule mkono wa kushoto, akaushika wangu kwa muda mrefu, na tukasalimiana kama watu ambao hawajaonana tangu Jumamosi iliyopita.